Sampu ya akriliki inapovuja, kupasuka au kufurika: tafuta chanzo kabla ya kushika gundi

Sampu ni chombo cha maji kilicho chini ya tangi la samaki, na akriliki ni plastiki ngumu angavu kama kioo. Tatizo la akriliki huonekana kwenye kiungo, lakini mara nyingi lilizaliwa kwenye msumeno. Ndiyo maana uvujaji uleule huzibwa ukarudi, ukazibwa tena ukarudi: gundi inabadilishwa kila mara, ilhali ukingo ulioharibiwa na joto umebaki palepale. Kabla ya kununua chupa nyingine, zima pampu, toa maji, kausha kifaa kwa kitambaa laini, kisha pitisha tochi kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya bamba. Dosari nyingi za akriliki hazionekani ukizitazama uso kwa uso.

Hapa tunashughulikia vifaa vinavyorekebishwa nyumbani: sampu iliyo chini ya tangi la samaki, kisanduku cha kufurikia (kinachopokea maji yanayopita juu ya ukingo wake na kuyashusha kwenye sampu), vigawanyo vya ndani (kuta zinazoigawa sampu vyumba), na matundu ya mabomba.

Kwanza ujue una akriliki gani

Iko ya kumiminwa kwenye kalibu na iko ya kusukumwa na mashine. Zote mbili ni plastiki ileile, PMMA, ila tabia zao zinatofautiana. Ya kumiminwa huvumilia kutobolewa na kuunganishwa. Ya kusukumwa huyeyuka mapema kwenye biti ya drili, na ikiguswa na kiyeyushi (kimiminika cha kuungia akriliki) hupata nyufa upesi.

Chukua kipande cha mabaki ukitoboe taratibu. Zikitoka chenga kavu nyeupe, huenda ni ya kumiminwa. Zikitoka nyuzi ndefu zinazojisokota na kugandia biti, ni ya kusukumwa. Kalipa (kifaa cha kupimia unene) nayo husaidia: bamba la kusukumwa lina unene uleule kila upande, la kumiminwa hupishana. Kwenye bamba linaloitwa la milimita 6 si ajabu kukuta 5.6 hapa na 6.2 pale, na hilo lina maana ukichonga mfereji wa kuingizia kigawanyo: pima mahali penyewe, usiamini lebo.

Mafundi wa mabango, ambako vipande vya Perspex (jina la kibiashara la akriliki) hupatikana kwa bei ya mabaki, huwa na aina zote mbili rafu moja. Uliza. Uliza pia kama kipande kimekatwa kwa leza, maana swali hilo ni muhimu kuliko la kwanza.

Nyufa za nywele kwenye kingo au kuzunguka tundu

Zinafanana na nywele fupi zilizolala sambamba, zinang'aa mwanga ukizipata kwa pembe. Wakati mwingine hutokea dakika chache baada ya kupaka kiyeyushi, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa za kukaa na maji. Hizo si dalili ya gundi mbaya. Ni mkazo uliofungiwa ndani ya bamba, ukasubiri kitu cha kuufungua.

Mshukiwa wa kwanza ni leza. Ukingo uliokatwa kwa leza unang'aa kama kioo, na mteja huupenda kwa sababu hiyo. Lakini leza imeyeyusha ukingo huo na hewa ikaupoza ghafla, kwa hiyo tabaka jembamba la nje linavutana na plastiki ya ndani muda wote. Kiyeyushi kikifika hapo, nyufa zinafunguka. Ukingo uliong'arishwa kwa moto wa gesi una ugonjwa uleule. Ukingo utakaoungwa using'arishwe kamwe. Mng'aro ni wa kingo zinazobaki wazi, na hata hizo zing'arishwe baada ya kuunga, si kabla, na mbali na kiungo.

Dawa ni kuliondoa tabaka hilo. Punguza karibu milimita 1 kwa ruta (mashine ya kuchongea kingo) yenye biti kali, au kwa msasa namba 180 kisha 320 uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, ukitumia maji. Usisugue kwa mkono mtupu: ukingo utajipinda kama mgongo wa ngamia na hautakaa sawa juu ya bamba la pili. Viwandani mkazo huondolewa kwa tanuri: akriliki ya kumiminwa huwekwa kwenye nyuzijoto 80 za Selsiasi kwa saa 2 au zaidi kulingana na unene, kisha huachwa ipoe polepole humohumo ndani. Jiko la oveni la nyumbani linaweza kufanya kazi hiyo kwa vipande vidogo, ila kipimo chake cha joto hakiaminiki. Weka kipimajoto cha pembeni. Ikikaribia nyuzi 100 bamba huanza kulegea, na ya kusukumwa hulegea mapema zaidi.

Mshukiwa wa pili ni dawa za kusafishia. Spiriti, dawa za kusafishia vioo zenye amonia, asetoni na thina hupasua akriliki yenye mkazo, hata kama ulifuta mara moja tu. Vivyo hivyo tone la gundi ya mabomba ya PVC lililodondokea ukuta wa sampu wakati fundi akiunga bomba juu yake. Safisha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, basi. Mabomba yaungwe nje ya sampu, yakauke, ndipo yarudishwe.

Mshukiwa wa tatu ni joto la kutobolea. Tundu likitobolewa kwa kasi, plastiki huyeyuka na kugandia pembeni, na ndani yake hubaki duara la mkazo. Msumeno wa mviringo wa kutobolea matundu uzungushwe polepole, maji yakidondoka hapo muda wote, na uutoe kila baada ya sekunde chache chenga zitoke. Chini ya bamba weka kipande cha plaiwudi na ukibane: biti inapotokea upande wa pili ndipo hung'ata na kumegua. Biti za chuma za kawaida zina makali yanayochimba. Yapunguze kidogo kwa jiwe la kunolea ili yakwaruze badala ya kuchimba. Karatasi ya kinga iache juu ya bamba mpaka umalize. Baadaye piga msasa ndani ya tundu na uondoe pembe kali pande zote mbili, kwa sababu kila alama ya jino la msumeno ni mwanzo wa ufa.

Nyufa zilizokwisha kutokea hazirudi nyuma. Kama ni za juu juu, ukucha haukwami, na sehemu hiyo haibebi mzigo, weka alama kwa kalamu mwisho wa kila ufa na uangalie kama unasogea. Kama ukucha unakwama au ufa umefika ukingoni, toboa kitundu cha milimita 3 kwenye ncha yake ili usiendelee, halafu ubandike kiraka cha akriliki upande wa ndani kinachopita ufa kwa sentimita 3 kila upande, kwa gundi nzito ya akriliki badala ya kiyeyushi chepesi. Ufa uliotoka kwenye tundu la bomba hauna kiraka cha kuaminika. Badilisha ukuta huo.

Kiungo kinavuja au kinatoa jasho

Kiyeyushi cha akriliki hakigandishi kama gundi ya mbao. Kinayeyusha nyuso mbili, zinachanganyika, kisha chenyewe kinavukiza na kuacha bamba moja. Kwa hiyo hakijazi pengo. Ukiona kwenye kiungo mstari wa rangi ya fedha, hapo hakuna muungano, ni hewa. Viputo vidogo vilivyotawanyika ni dalili ya ukingo wenye alama za msumeno, au ya mtu aliyekandamiza sana kiyeyushi kikatoka chote. Kiungo kizuri ni kama maji safi: huoni kitu.

Ukungu mweupe ni habari nyingine, na mtu wa Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat ataukuta mara nyingi kuliko mtu wa Nairobi. Viyeyushi vingi vyepesi vina dikloromethani, inayochemka kwenye nyuzi 40 tu. Inavukiza haraka mno, inapoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewa unaganda hapo kama jasho la chupa ya soda. Maji hayo yakiingia kwenye kiungo kinakuwa cheupe na dhaifu. Fanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi, au siku kavu, na utumie kiyeyushi cha polepole: kwa mfano, kati ya viyeyushi vya chapa ya Weld-On, namba 4 hukauka polepole kuliko namba 3. Baadhi ya mafundi huongeza asidi ya asetiki isiyo na maji, isiyozidi sehemu moja kwa kumi, ili kupunguza kasi ya kuvukiza. Siki ya jikoni haifai kwa hilo, nyingi yake ni maji.

Kemikali hii si ya kuchezea. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku dikloromethani kwa matumizi ya watu wa kawaida majumbani. Mivuke yake ni mizito kuliko hewa, hukaa chini. Glavu nyembamba za mpira huipitisha baada ya muda mfupi. Madirisha wazi, feni ikipeleka hewa nje, na watoto mbali.

Namna ya kuunga ambayo hupunguza makosa ni ya pini. Simamisha bamba la wima juu ya lile la chini, ulibane lisianguke, kisha chomeka kati yao pini za kushonea au waya laini usiozidi nusu milimita, kimoja kila sentimita 5 hivi. Kwa chupa yenye sindano, pitisha kiyeyushi kando ya kiungo. Kitajivuta chenyewe na kuenea kati ya mabamba. Subiri kati ya sekunde 30 na dakika moja, nyuso zilegee. Chomoa pini moja moja kuanzia upande mmoja. Bamba litashuka kwa uzito wake na utaona viputo vikikimbia mbele ya kiungo mpaka vitoke. Uzito mdogo juu unatosha. Usiguse kwa saa kadhaa, usijaze maji kabla ya saa 24, na 48 ni bora.

Kiungo cha zamani kinachotoa jasho hakiponi kwa kuongezewa kiyeyushi kwa nje. Maji na chumvi vimo ndani, na bamba lenyewe limekunywa maji. Suuza kwa maji baridi, acha kikauke siku kadhaa mahali penye hewa, halafu kwa ndani unga kijiti cha akriliki cha mraba au pembetatu, cha milimita 6 hadi 10, kwenye kona yote, si pale panapovuja tu. Kona ya ndani ikishaungwa hivyo, shinikizo la maji hulikandamiza lile tundu badala ya kulifungua.

Je, silikoni? Kwenye akriliki hushika kwa muda, kisha hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Inafaa kuzuia vitu visitingishike, haifai kushikilia maji. Shida inazidi pale mtu anapoweka vigawanyo vya akriliki ndani ya tangi la kioo. Akriliki hutanuka kwa joto takribani mara nane kuliko kioo, na juu ya hapo hunywa maji na kuvimba. Kigawanyo kilichokatwa kiingie kwa kubana kitajikunja, kibandue silikoni au kisukume kioo mpaka kipasuke. Kama sampu ni ya kioo, kata vigawanyo vya kioo. Ukilazimika kutumia akriliki, acha nafasi ya milimita 3 kila upande na uijaze silikoni.

Kumbuka pia mzigo. Kigawanyo chenye upana wa sentimita 30 kikizuia maji ya kina cha sentimita 30 upande mmoja, upande wa pili ukiwa mtupu, kinasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 13 hivi. Hali hiyo hutokea chumba cha pampu kikikauka. Bamba la milimita 3 litapinda. Tumia la 6.

Maji yanatoka kwenye tenki konekta

Tenki konekta ni kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la ukuta. Tazama washa yake ya mpira iko upande gani. Inakaa chini ya kichwa kipana, si chini ya nati, na kichwa kikae ndani kwenye maji. Wengi hugeuza, wakaziba kwa silikoni, ikavuja tena, wakakaza zaidi, bamba likapasuka. Washa safi kavu, bila silikoni, bila grisi ya magari. Kaza kwa mkono mpaka igote, ongeza robo ya mzunguko, acha.

Ukubwa wa bomba sio ukubwa wa tundu. Konekta ya inchi 1 huhitaji tundu la karibu milimita 45, lakini kila kiwanda kina chake. Pima upana wa nyuzi zake za kufungia nati kwa kalipa uongeze milimita 1 au 2. Tundu likae mbali na ukingo wa bamba: kati ya duara na ukingo pabaki angalau upana wa tundu lenyewe. Konekta za simtanki za plastiki zinafaa. Zile za shaba nyeupe au njano ziache dukani, maana shaba huua kamba na viumbe wa baharini hata ikiwa kidogo.

Kama uvujaji unatoka katikati, kwenye bomba linaloingia ndani ya konekta, tatizo ni nyuzi. Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara 5 hivi na ukaze kwa kiasi. Nyuzi zilizochongoka hufanya kazi ya kabari na hupasua konekta kwa ndani. Halafu shikilia bomba kwa klipu ukutani. Bomba lenye maji likining'inia kwenye ukuta wa sampu hulifanya tundu liwe na mkazo usiku na mchana.

Umeme ukikatika, sampu inafurika

Hapa hakuna kilichoharibika. Hesabu ndiyo haikufanywa. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha maji hugeuka mpira wa kunyonya na kushusha maji mpaka mdomo wake upate hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 50 hutoa lita 6 kwa kila sentimita inayoshuka. Mdomo ukiwa sentimita 4 chini ya uso wa maji, zinashuka lita 24. Kwenye sampu ya 75 kwa 35, hizo ni zaidi ya sentimita 9 za kupanda, bado hujahesabu maji yaliyo ndani ya mabomba na kisanduku.

Toboa kitundu cha milimita 6 kwenye bomba la kurudisha, nusu sentimita chini ya uso wa maji pampu ikifanya kazi. Hewa itaingia hapo mapema, na kinachoshuka kitabaki kile kilichokuwa juu ya ukingo wa kufurikia. Kama hicho ni sentimita 1, basi ni lita 6, na sampu ileile itapanda sentimita 2 na kidogo. Vali ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake. Uchafu kidogo au kipande cha konokono huiacha wazi. Kitundu nacho huziba. Wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ni magumu kwa makusudi, hukuta chokaa imekifunga ndani ya miezi michache. Siki ya kawaida huiyeyusha bila kudhuru akriliki.

Jaribu kwa kuchomoa waya wa pampu ukiwa umesimama hapo, si kusubiri mgao wa umeme usiku.

Maji ya tangi yanapanda baada ya kubadilisha kisanduku cha kufurikia

Ukingo mnyoofu wa sentimita 30, maji yakipita juu yake kwa kina cha sentimita 1, hupitisha takribani lita 2,000 kwa saa. Yakiwa sentimita 1.5 ni karibu lita 3,600. Ukichonga meno ya kuzuia samaki yenye upana sawa na mianya yake, umekata urefu wa ukingo kwa nusu, na lita zilezile 2,000 zitahitaji kina cha karibu sentimita 1.6. Ongeza urefu wa ukingo au punguza upana wa meno. Kuchonga mianya iwe mirefu kwenda chini hushusha uso wa maji, lakini hakuongezi upana.

Kisanduku kinachojaa na kujitoa kwa kishindo, kama choo cha kuvuta, kina bomba la mtindo wa Durso (bomba la kushushia maji lenye kitundu cha hewa juu) ambalo kitundu chake ni kidogo mno. Kipanue kidogo kidogo, kuanzia milimita 3. Mlio wa kunguruma bila kukoma ni kinyume chake, hewa nyingi. Ukitaka kimya kabisa, mtindo wa Herbie ni bora: bomba moja limejaa maji bila hewa likidhibitiwa na geti vali (vali ya kufungulia kidogo kidogo), la pili limesimama kavu kwa dharura. Bila hilo la pili usithubutu, jani moja linatosha kulowesha zulia.

Viputo vidogo vinarudi tangini

Vigawanyo vimekaribiana mno. Lita 2,000 kwa saa zikipita mwanya wa sentimita 2.5 kwenye sampu ya upana wa 30 zinakwenda zaidi ya sentimita 7 kwa sekunde. Kiputo cha nusu milimita hupanda karibu sentimita 5 kwa sekunde, kwa hiyo kinaburutwa chini pamoja na maji. Panua mwanya ambao maji yanashuka ufike sentimita 5. Mwendo unashuka chini ya 4 na viputo vingi vinajitoa. Mwanya wa kupandia hauna haja ya kuguswa.

Kama viputo vinaanza ghafla bila kubadilisha chochote, angalia kina cha chumba cha pampu kwanza. Maji yamevukiza.

Kuta zimevimba nje

Sentimita 40 za kimo kwa bamba la milimita 6 bila mkanda wa juu zitavimba. Unga fremu ya akriliki ya upana wa sentimita 5 kuzunguka mdomo, ndani, ukiwa umetoa maji yote na ukuta umerudi wima. Kitako cha sampu kishikwe chote na plaiwudi iliyonyooka. Pima kwa pimamaji. Na kwa walio Arusha, Nairobi au nyanda za juu wanaotumia hita: isiguse ukuta, na ikae chumba ambacho kina cha maji hakibadiliki. Hita iliyobaki hewani ikiegemea akriliki huikunja kabla hujasikia harufu.